Bei ya Machi haikusubiri Agosti: dhana potofu kuhusu mzunguko wa mazao

Masika yakikaribia, wakulima wa Handeni, Korogwe na Muheza huja na swali lile lile: mahindi yamepanda bei, kwa nini nisilime mahindi shamba zima? Swali hilo limebeba imani iliyowatia hasara watu wengi mno, na inauma kuisikia tena kila mwaka.

"Panda kinacholipa sasa"

Bei unayoisikia Machi, mbegu ikiwa mkononi, ni bei ya uhaba, hasa kama vuli ilikatika. Lakini huuzi Machi. Utavuna Julai au Agosti, jirani zako nao wanavuna, na malori ya Rukwa, Ruvuma na Songwe yanashusha. Ukitaka kukadiria, uliza bei za Agosti kwa miaka mitatu iliyopita, tena kwa kilo. Bei ya gunia bila mizani inaficha lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo.

Bei hiyo pia inaamuliwa mbali na shamba lako. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania kwa hoja ya sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu kwenye nafaka, kisha ikayaruhusu kwa masharti siku chache baadaye. Aliyetegemea kuvusha mzigo mpakani Horohoro wiki ile aliujua uchungu wake. Mbaazi ndiyo mfano mkali zaidi. Waliopanda mwanzoni mwa 2017 waliifuata bei nzuri ya nyuma. Agosti mwaka huo huo India ikaweka ukomo wa mbaazi za kuagizwa, na mavuno yakakosa soko.

Sasa weka gharama ya udongo. Tuseme ekari iliyotoka kwenye kunde inakupa gunia 10 za mahindi, na ile ya mahindi juu ya mahindi misimu mitatu inakupa 7. Gunia 10 kwa shilingi 60,000 ni 600,000. Gunia 7, hata bei ikifika 80,000, ni 560,000. Bei imepanda kwa theluthi moja na bado umepungukiwa.

Kinachokula hizo gunia tatu mara nyingi ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Mahindi yananyauka udongo ukiwa na unyevu, na kile kimaua chekundu kikichomoza, mizizi imeshanyonywa kwa wiki kadhaa. Mmea mmoja wa kiduha hutoa maelfu ya mbegu laini kama vumbi, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja mzizi wa nafaka. Kunde, ufuta na alizeti huziamsha mbegu hizo ziote, kisha zinakufa kwa kukosa pa kunyonya. Kung'oa kiduha kabla hakijatoa mbegu ni lazima pia.

Kwa hiyo panga hivi: kwanza udongo uamue kundi la mazao, ndipo bei ichague zao ndani ya kundi hilo. Kipande kilichotoka kwenye nafaka kinakwenda kwa mikunde au mbegu za mafuta. Ikiwa ni zamu ya mikunde, hapo linganisha soko la choroko, kunde na mbaazi kadiri upendavyo. Kumbuka muda: choroko hukomaa kwa siku 60 hadi 70 na hutosha kwenye vuli fupi, ila mbaazi za kienyeji hukalia shamba miezi minane au tisa, hivyo bei yake lazima ilipe na vuli uliyoikosa. Bei ikikutikisa sana, hamisha robo ya shamba tu.

"Nikifuatisha mtama baada ya mahindi nimezungusha"

Hapana. Zote nafaka, kiduha na bungua wa mabua wanakula kote.

"Nachanganya mahindi na kunde, inatosha"

Kuchanganya kunasaidia, lakini mahindi bado yako pale pale kila msimu, na kiduha bado kinapata mzizi wa kunyonya.

"Mikunde hurutubisha yenyewe"

Ukiing'oa mizima, ukaipigia nyumbani na kuchoma makapi, umebeba sehemu kubwa ya rutuba. Kata shina, acha mizizi, rudisha makapi shambani.

"Urea itafidia"

Mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, basi. Hauongezi mboji, na ukirudiwa miaka mingi bila kitu kingine huongeza tindikali. Kabla ya kununua mingi, peleka sampuli ya udongo kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, pale Muheza.

"Nitahifadhi mpaka bei ipande"

Vizuri, kama mahindi ni makavu, asilimia 13 ya unyevu au chini. Joto la pwani halisamehi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15 tu, si lazima umefika 13. Ongeza siku nyingine ya kuanika kwenye turubai, kisha uyafunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa, maana dumuzi hula hata yaliyokauka vizuri.