Watu wa hataza na leseni vyuoni: yanayosemwa juu yao na ukweli wenyewe

Kila chuo kikuu kinachofanya utafiti kina watu ambao majina yao hayatokei kwenye makala za kisayansi. Ndio wanaosoma mkataba wa mfadhili kabla chuo hakijatia saini, wanaopokea fomu ya mtafiti anayeamini amevumbua kitu, wanaoandaa maombi ya hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine kutumia uvumbuzi bila ruhusa, na kubisha hodi kwenye makampuni kutafuta wa kuchukua leseni ya kuutumia. Mahali pengine wanaitwa ofisi ya miliki bunifu, pengine ofisi ya uhaulishaji wa teknolojia, pengine ni dawati moja tu ndani ya kurugenzi ya utafiti. Maneno yanayosemwa juu yao yananiudhi kwa sababu yana gharama: mtafiti anayeyaamini hafiki ofisini kwao, au anafika wakati hakuna tena la kuokoa. Nianze na lile linaloumiza zaidi.

“Nikishachapisha, kazi yangu imelindwa”

Kuchapisha kunakupa heshima ya kuwa wa kwanza kusema. Kwa upande wa hataza kunafanya kinyume kabisa, kwa kuwa uvumbuzi lazima uwe mpya siku ombi linapowasilishwa, na ulichokitangaza wewe mwenyewe kinaweza kuhesabiwa dhidi yako. Si makala ya jarida peke yake. Bango la kongamano, utetezi wa tasnifu uliohudhuriwa na watu wa nje, tasnifu yenyewe ikishapakiwa kwenye hifadhi ya maktaba mtandaoni: yote hayo ni kutangaza.

Mfano mkubwa ni wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1973 Stanley Cohen wa chuo hicho na Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha namna ya kuunganisha vipande vya DNA na kuvifanya vizaliane ndani ya bakteria. Ndiyo mbinu iliyozaa biashara nzima ya bayoteknolojia, insulini ya kutengenezwa na bakteria ikiwemo. Wenyewe hawakuwa na habari ya hataza. Aliyekuwa nayo ni Niels Reimers, mhandisi aliyeanzisha ofisi ya leseni ya Stanford mwaka 1970. Alisoma habari za ugunduzi huo gazetini mwaka 1974, akampigia simu Cohen. Cohen alisita, kwani aliona kazi yake imesimama juu ya miaka mingi ya kazi za watu wengine. Reimers akamweleza, akamshawishi, na ombi likawasilishwa tarehe 4 Novemba 1974.

Tarehe hiyo ina maana yake. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja tangu atangaze, na mwaka huo ulikuwa umebakiza wiki moja tu. Ulaya haitoi nafasi kama hiyo, kwa hiyo haki za huko zilikuwa zimeshapotea. Hataza ilitolewa mwaka 1980, ikaisha 1997, na katika muda huo makampuni 468 yalichukua leseni na kulipa dola milioni 255 hivi. Zote zilitokana na hataza ya Marekani, iliyookolewa na mtu wa ofisi aliyekuwa na mazoea ya kusoma magazeti.

Na hapa wengi wanaelewa vibaya: ofisi haikukatazi kuchapisha. Inakuomba ufike kabla. Ombi likishaingia, hata kesho yake unaweza kupeleka makala jaridani.

“Hataza inawafungia maskini dawa”

Hili lina ukweli ndani yake. Ila hataza yenyewe haifungi wala haifungui. Kinachoamua ni leseni: nani amepewa ruhusa, kwa nchi zipi, kwa masharti gani. Na leseni inaandikwa na hawa hawa watu tunaowazungumzia.

Stanford iliamua kwamba mbinu ya Cohen na Boyer haitapewa kampuni moja. Kuanzia mwaka 1981 kila kampuni iliyotaka iliipata kwa ada ya dola 10,000 kwa mwaka pamoja na mrabaha, yaani sehemu ndogo ya mauzo, na watafiti wa vyuo waliendelea kuitumia bila kudaiwa chochote.

Katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mambo yalikwenda vingine. William Prusoff na Tai-Shun Lin waligundua chuoni hapo kwamba kemikali iitwayo d4T inazuia virusi vya UKIMWI. Chuo kikachukua hataza, ya Afrika Kusini ikiwemo, kikaipa Bristol-Myers Squibb leseni ya peke yake. Dawa hiyo, stavudini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1994. Mapema 2001 Médecins Sans Frontières, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, waliiandikia Yale wakiomba dawa ya bei nafuu ya aina hiyo iruhusiwe kuingia Afrika Kusini. Jibu la kwanza la chuo lilikuwa kwamba mkataba umewafunga mikono. Wanafunzi wakaja juu, Prusoff mwenyewe akasimama hadharani upande wao, na mwezi Machi kampuni ikatangaza kwamba haitaitumia hataza hiyo kuzuia dawa za watengenezaji wengine nchini humo. Bei ya stavudini ya kampuni yenyewe ikashushwa hadi senti 15 za dola kwa siku.

Wasomaji wenye umri wa kutosha wanaikumbuka stavudini. Ilikuwemo ndani ya vidonge vya mchanganyiko walivyomeza wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania wakati ARV zilipoanza kusambaa, kabla ganzi ya miguu na mashavu kuingia ndani havijafanya iondolewe. Kwa dawa ya namna hiyo, kifungu kimoja ambacho hakikuandikwa kwenye leseni kilihitaji kelele za magazeti ya kimataifa kukifidia.

Tangu hapo mambo yamesogea. Mwaka 2007 kundi la vyuo vikuu vya Marekani, Stanford na Yale vikiwemo, lilitoa waraka wa mambo tisa ya kuzingatia wakati wa kutoa leseni, na mahitaji ya nchi maskini ni mojawapo. Afisa anayeijua kazi yake ataandika leo kwamba kampuni ina haki ya peke yake kwenye nchi tajiri tu, au kwamba isipoleta bidhaa sokoni ndani ya muda uliokubaliwa haki zinarudi chuoni. Ukitaka kuipima ofisi ya chuo chako, omba kuoneshwa vifungu vya namna hiyo. Idadi ya hataza ukutani haisemi lolote kuhusu mgonjwa.

“Chuo kinataka kuniibia”

Hofu hii ninaielewa. Mtu amekesha maabara miaka, kisha anaambiwa mmiliki ni mwajiri wake. Lakini kumiliki hataza na kula mapato yake ni mambo mawili. Marekani, sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 iliyoviruhusu vyuo kumiliki uvumbuzi uliotokana na fedha za serikali inavitaka vimgawie mvumbuzi mrabaha. Stanford hutoa kwanza asilimia 15 ya kuendeshea ofisi, na baada ya gharama kinachobaki kinakatwa mafungu matatu sawa: la mvumbuzi, la idara yake na la kitivo chake. Kwetu viwango vinatofautiana chuo kwa chuo, na vimeandikwa ndani ya sera ya miliki bunifu. Isome kabla ya kulalamika, na kama chuo chako hakina sera, hapo una haki ya kulalamika kwa sauti.

Wizi ninaouogopa mimi unatokea pengine, kwenye orodha ya wavumbuzi. Kwenye makala tumezoea kumweka mkuu wa idara kwa heshima. Kwenye hataza mvumbuzi ni yule aliyechangia wazo lenyewe la uvumbuzi, na kumweka asiyehusika au kumwacha anayehusika kunaweza kuihatarisha hataza nzima. Kwa hiyo afisa kijana, pengine mwenye shahada ya kwanza tu, anajikuta mbele ya mtu aliyemfundisha, akisema: “Shikamoo Profesa. Samahani, wazo la kubadilisha hatua hii ya tatu lilikuwa la nani, na naweza kuliona kwenye daftari la maabara?” Daftari linafunguliwa, tarehe ipo, mwandiko ni wa mwanafunzi wa uzamili. Bila swali lile jina la mwanafunzi huyo lisingeonekana popote. Kuuliza hivyo kwa adabu na bila kurudi nyuma ni ujasiri ambao haulipwi posho.

“Hataza ikitoka, pesa zinafuata”

Hapana. Hata Stanford, uvumbuzi mchache sana ndio uliobeba sehemu kubwa ya mapato ya ofisi. Hataza ni gharama kwanza: ada ya kuwasilisha, ya wakili, ya kila mwaka ya kuilinda hai hadi miaka 20 ifike.

Wala hakuna hataza ya dunia. Ukianza na ofisi ya usajili ya nchi yako, yaani BRELA kwa Tanzania Bara, KIPI kwa Kenya au URSB kwa Uganda, una miezi 12 ya kuwasilisha kwingine ukiwa na tarehe ile ile ya mwanzo. ARIPO, shirika la miliki bunifu la kikanda lenye makao Harare, inakuwezesha kuomba nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja. Mkataba wa kimataifa unaosimamiwa na WIPO, shirika la miliki bunifu la Umoja wa Mataifa, unakusogeza hadi mwezi wa 30 tangu tarehe hiyo ya mwanzo kabla ya kulazimika kuchagua na kulipia nchi moja moja. Ndani ya miezi hiyo afisa anatakiwa kupata kampuni, au akiri kwamba haipo na kuacha ombi life. Kuacha ni sehemu ya kazi, na mtafiti asichukulie kuwa amedharauliwa.

“Kisicho na hataza hakina soko”

Nenda gulio lolote la Morogoro uulize maharage. SUA 90 na Rojo ni aina zilizotoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mbegu haihitaji hataza imfikie mkulima. Inahitaji kupitishwa rasmi, kukaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na kupata wazalishaji wa kuizidisha kwa wingi. Kila hatua hapo ina mtu wa chuo anayefuatilia makaratasi. Programu za kompyuta nazo hulindwa na hakimiliki na kutolewa kwa leseni bila kugusa hataza.

Au mchukue Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, ambaye chujio lake la maji la Nanofilter lilishinda Tuzo ya Afrika ya Uvumbuzi wa Kihandisi mwaka 2015, ilipotolewa kwa mara ya kwanza, na pauni 25,000. Kemia ilikuwa imeshakamilika. Kilichobaki kigumu ni kwamba familia yenye shida ya maji safi haina pesa ya kununua chujio zima. Jibu likawa vituo vya maji, ambako mtu ananunua maji yaliyochujwa kwa kiasi anachomudu. Ubiasharishaji ndio huo: kutafuta njia ambayo mlaji wa mwisho anaweza kulipia.

“Hao ni makarani, kazi yao kutuchelewesha”

Mkataba wa mfadhili wa nje unafika ukiwa na kurasa kadhaa za maandishi madogo, na mtafiti anataka saini leo ili pesa ziingie. Afisa wa mikataba anakwenda kwenye mambo manne. Matokeo ni mali ya nani? Mfadhili anaweza kuzuia kuchapishwa, na kwa siku ngapi? Sampuli na takwimu zikitoka nje ya nchi zinaweza kutumiwa kwa nini, na zikizaa bidhaa nani anapata nini? Mgogoro ukitokea utaamuliwa kwa sheria ya nchi gani? Siku 60 za mfadhili kuipitia makala ni jambo la kuzungumzika. “Mpaka mfadhili aridhie” bila kikomo ni kumkabidhi shahada ya mwanafunzi wako.

Haya yanapopuuzwa tunajua yanakofikia. Chuo Kikuu cha Nairobi na Oxford walishirikiana kutafuta chanjo ya UKIMWI, wakiongozwa na damu ya wanawake wa Majengo, Nairobi, waliokuwa kwenye biashara ya ngono na ambao baadhi yao hawakuambukizwa licha ya kukutana na virusi mara kwa mara. Ombi la hataza lilipowasilishwa Uingereza, Nairobi haikuwemo. Jambo hilo lilifumuka mwaka 2000, likaleta hasira kubwa, na mwishowe makubaliano yakaandikwa upya Nairobi ikitambuliwa kuwa mmiliki mwenza. Chanjo yenyewe haikufua dafu kwenye majaribio. Lakini suala la umiliki lilipaswa kumalizwa kwenye karatasi ya kwanza, kabla mirija ya damu haijasafirishwa.

“Kazi hiyo anaweza kupewa mtu yeyote”

Hii ni dhana ya viongozi zaidi kuliko watafiti. Reimers alikuwa mhandisi, na alikwishafanya kazi ya mikataba kwenye viwanda kabla ya kufika Stanford. Mtu wa ofisi hii anahitaji kuelewa sayansi kiasi cha kumuuliza mtafiti swali la maana, sheria kiasi cha kuandika kifungu, na biashara kiasi cha kujua kampuni gani ipigiwe simu. Hujifunza kwa kukaa muda mrefu na mafaili yale yale na watu wale wale.

Vyuo vyetu vingi humteua mhadhiri mwenye vipindi vyake vya kufundisha, kwa muhula wa miaka michache, na anapoondoka namba za simu za makampuni huondoka naye. Hesabu ya miezi haibadiliki kwa sababu uongozi umebadilika. Ombi lililowasilishwa mwishoni mwa muhula wa mkurugenzi wa leo litafikia mwezi wake wa 30 akiwa amesharudi darasani. Anayetakiwa kulikumbuka siku hiyo ni afisa wa kudumu, aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu, mwenye bajeti ya kulipia ada ikifika tarehe.