Utalii unaiingizia Nakuru kiasi gani? Tarakimu moja haitoshi

Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia ya mbio za magari (WRC) mwaka 2021, Naivasha, mji ulio kaunti ya Nakuru, hujaa pomoni wikendi ya mbio, na vumbi halijatulia utasikia "mabilioni yameingia". Mara nyingi hesabu hiyo huchukua kila shilingi iliyotumika na kuiita ukuaji wa uchumi.

Tuseme mgeni amelipa hotelini shilingi 10,000. Kamisheni ya tovuti aliyotumia kubuku chumba inakwenda ng'ambo. Bia imetoka Nairobi, na faida ni ya mwenye hoteli, ambaye pengine haishi hapa. Hata kabeji ya kwenye sahani huenda imelimwa Kinangop, ambako ni kaunti ya Nyandarua. Kinachobaki Nakuru ni mishahara, ushuru wa kaunti na biashara ndogondogo za jirani. Na kama mgeni mwenyewe ni wa Nairobi, asingekuja Naivasha wikendi nyingine, mbio zisingekuwepo? Swali hili waandaaji hawalipendi.

Hapo bado hatujagusa mashaka ya kesho. Ziwa Nakuru lilijulikana duniani kwa flamingo. Baada ya 2010 maji yalianza kupanda, magadi yakazimuka, mwani unaoliwa na ndege hao ukapungua, na wengi wakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Barabara na majengo ya hifadhi vikafunikwa. Kisha ikaja 2020: wageni wa kimataifa nchini, waliokuwa zaidi ya milioni 2 mwaka uliotangulia, wakashuka chini ya 600,000. Bajeti iliyopangwa kwa kufuata wastani wa miaka ya nyuma ilikuwa bure.

Kwa hiyo sisi wachumi hupiga hesabu tatu: mwaka mzuri, wa kawaida na mbaya, kila mmoja na uwezekano wake. Pengo kati ya mzuri na mbaya lisifichwe, maana ndilo linaloonyesha ukubwa wa hatari. Wageni nao wasichanganywe: wa kigeni hutishwa na tahadhari za usafiri za serikali zao, wa ndani hubanwa na karo ya Januari na bei ya mafuta.

Kaunti ikishapata hesabu hizo, mishahara na matumizi yasiyokwepeka yapimwe kwa mwaka mbaya. Barabara mpya ya kuelekea hifadhini inaweza kusubiri mwaka mzuri.