Tapeti kunyamaza si dalili ya injini nzima

Kwenye gereji za Changamwe na Kisauni, Mombasa, dereva akisikia tapeti, yaani vipande vinavyosukuma valvu (milango ya hewa na moshi ya injini), zinalia humwambia fundi, “Kaza mpaka zinyamaze.” Imani hii ni ya siku nyingi: injini kimya ndiyo nzima. Sivyo.

Kati ya kamshafti (mhimili unaozunguka na kufungua valvu) na valvu huachwa mwanya mdogo, mara nyingi sehemu tu ya milimita, kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka. Ukiubana wote, valvu haifungi sawasawa. Ya ekzosi, ya kutolea moshi, ndiyo huumia zaidi: hupoa kwa kugusa kiti chake kwenye silinda hedi (sehemu ya juu ya injini), na isipokaa vizuri, moto unaopenya pembeni huula ukingo wake, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ikashuka. Tena valvu inapochimba kiti chake mwanya hupungua wenyewe, kwa hiyo hatari huja bila kelele yoyote.

Mlio mwepesi wa mfululizo una nafuu kuliko ukimya huo. Kugonga kwa nguvu ni jambo jingine, kupimwe haraka. Mwambie fundi apitishe fila (kibati chembamba cha kupimia mwanya), injini ikiwa baridi au moto kama kitabu cha gari kinavyotaka. Ipite kwa kukwaruza kidogo. Tapeti za haidroliki, zinazojirekebisha kwa shinikizo la oili, kwa kawaida hazirekebishwi hivyo. Hizo hutegemea oili safi.