Herpesi: maana ya kirusi kinacholala

Mtu anapoambiwa kwamba ana herpesi, kinachomwumiza zaidi kwa kawaida ni maneno yanayofuata, kwamba ugonjwa huo hauponi. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yakiachwa hivyo hivyo humpotosha msikilizaji, kwani hudhani kuwa vidonda vitamkaa maisha yake yote, ilhali vidonda hukauka na ngozi ikarudi kama ilivyokuwa. Kinachobaki ni kirusi chenyewe, nacho hukaa mwilini kikiwa kimelala kwa muda mwingi zaidi kuliko kinavyokuwa macho. Kulala huko ndicho kiini cha dhana nzima, na inasikitisha kwamba wagonjwa wengi hutoka kwa daktari bila kuelezwa jambo hilo.

Herpesi ni jina la ukoo mkubwa wa virusi. Hata kile cha tetekuwanga, ambacho baada ya miaka mingi huweza kuzuka tena kama mkanda wa jeshi, kimo katika ukoo huo. Hata hivyo, watu wanaposema herpesi, au malengelenge ya mdomoni na ya sehemu za siri, huwa wanazungumzia virusi viwili vinavyofanana sana, HSV-1 na HSV-2. Cha kwanza huambukizwa zaidi kwa mate na busu, mara nyingi tangu utotoni, na cha pili kwa kujamiiana, ingawa HSV-1 nacho hufika sehemu za siri kwa njia ya ngono ya mdomo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 wana HSV-1, na kwamba watu wapatao milioni 520 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana HSV-2. Wengi wao hawajui, kwa kuwa dalili zao ni hafifu au hazijawahi kuonekana kabisa.

Kirusi huingia kupitia utando laini au mchubuko mdogo wa ngozi, kikazaliana hapo, kisha kikaufuata mshipa wa fahamu hadi kwenye fundo la neva: kile cha mdomoni hujificha katika fundo lililo ndani ya fuvu, na kile cha sehemu za siri katika mafundo yaliyo sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Humo huacha kuzaliana. Kinga ya mwili haiwezi kukiondoa, na dawa haziwezi kukigusa, kwa sababu dawa zilizopo hushambulia kirusi kinapojizalisha tu.

Homa, jua kali, hedhi, uchovu au msongo wa mawazo huweza kukiamsha, nacho hurudi kwa njia ile ile kiliyopandia. Mwenye uzoefu hukitambua mapema: ukingo wa mdomo huanza kuwasha na kuchonyota mahali padogo pasipozidi ncha ya kidole, na ukitazama kwenye kioo huoni kitu. Baada ya saa chache, au siku moja, pale pale huiva wekundu, kisha hutokea kishada cha malengelenge madogo yenye maji angavu, ambayo hupasuka na kuacha kidonda kibichi kinachofunikwa na gaga la rangi ya manjano. Kwa kawaida ndani ya siku 10 hivi ngozi huwa imefunga. Kwa watu wengi matukio hayo hupungua kadiri miaka inavyopita.

Kwa kuwa kirusi hulala, na wakati mwingine hufika juu ya ngozi bila kutoa kidonda chochote, mtu anaweza kumwambukiza mwenzake huku akijiona mzima kabisa. Vilevile, lengelenge la kwanza linaweza kutokea miaka mingi baada ya maambukizi. Jambo hili ningependa lifike kwa kila wanandoa: kidonda kinachozuka leo si ushahidi kwamba mmoja wenu ametoka nje ya ndoa. Kipimo cha damu nacho hakitatatua ugomvi huo, maana huonyesha kingamwili, ambazo huchukua wiki kadhaa kujitokeza, na hakisemi maambukizi yalitokea lini wala yalitoka kwa nani. Palipo na kidonda kibichi, kipimo bora ni majimaji yanayochukuliwa hapo hapo.

Dawa inayotumika zaidi ni asikloviri, iliyotokana na kazi ya maabara ambamo mwanasayansi wa Marekani Gertrude Elion, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1988, alikuwa kiongozi. Dawa hii huanza kufanya kazi ikibadilishwa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe, na kwa hiyo hufanya kazi hasa ndani ya seli zilizoambukizwa na kuziacha nyingine. Vidonge husaidia zaidi vikianza kumezwa tangu mchonyoto wa kwanza. Anayesumbuliwa mara kwa mara anaweza kuandikiwa dozi ya kila siku, ambayo pia hupunguza uwezekano wa kumwambukiza mwenzake. Kondomu hupunguza zaidi, ingawa haifuniki ngozi yote.

Yapo mazingira yasiyostahili kusubiri. Macho yakiuma na kuwa mekundu wakati mtu ana malengelenge, amwone daktari siku hiyo hiyo. Mwenye kidonda mdomoni asimbusu mtoto mchanga, kwa kuwa kinga yake bado ni dhaifu na maambukizi yanaweza kumwua. Mjamzito anayepata herpesi kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua anapaswa kuwaambia wahudumu mapema, kwani huenda wakashauri ajifungue kwa upasuaji. HSV-2 pia huongeza hatari ya kuambukizwa VVU.

Linabaki suala la kumwambia mwenzi, nalo lizungumzwe kabla ya kujamiiana, mahali penye utulivu. Maneno machache hutosha: "Nina kirusi cha herpesi. Mara nyingi huwa kimelala, nameza dawa, na nikihisi dalili nitakwambia tusubiri hadi ngozi ifunge. Niulize lolote." Kisha mpe nafasi ya kufikiri, hata kama jibu halitakuja siku hiyo.