Leseni ya kunakili faili kwenye klasta: zihesabu nodi zote

Swali ninaloletewa mara nyingi na wasimamizi wa seva ni hili: klasta yetu (kundi la seva zinazopokezana huduma moja) ina nodi mbili, yaani seva mbili, lakini inayofanya kazi ni moja tu, kwa nini muuzaji atudai leseni mbili za programu ya kunakili faili?

Jibu liko kwenye mkataba. Leseni nyingi za aina hii hufuata mashine iliyosakinishiwa programu, hata kama haiendeshwi. Nodi inayosubiri mwenzake aanguke tayari inayo, basi inahesabiwa. Wapo wauzaji wanaosamehe nodi ya akiba: Microsoft huruhusu hivyo kwa SQL Server, programu yake ya hifadhidata, ila kwa mteja mwenye Software Assurance, mpango wake wa kulipia matunzo ya leseni. Msamaha huo usidhani unahusu kila programu iliyomo kwenye nodi hiyo. Windows Server yenyewe, tangu toleo la 2016, hulipiwa kwa kori (viini vya prosesa), zisizopungua 16 kwa kila seva.

Lakini bei ndiyo shida ndogo. Kubwa ni jinsi leseni ilivyofungwa. Kuna programu zinazohifadhi ufunguo kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya mfumo), na nyingine huufunga kwa jina la kompyuta au anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao. Huduma inapohama kutoka nodi A kwenda B, huhama diski ya pamoja, jina la huduma na anwani ya IP. Rejista ya A hubaki A. Unaweza kuiagiza klasta ihamishe tawi husika la rejista, sawa, ila anwani ya MAC haihamishiki hivyo. Basi A ikizimika usiku, B inachukua faili zote na watumiaji hawahisi kitu. Kazi ya kunakili ya saa nane inaanza, inatafuta ufunguo, inaukosa, inajifunga. Chelezo (nakala ya akiba) ya usiku huo haipo, na klasta inaonyesha kijani kitupu kwa sababu haikuambiwa kuichunga kazi hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kununua, mwombe muuzaji akujibu kwa maandishi: leseni inasoma jina la nodi au la klasta? Kisha, ukiwa bado kwenye muda wa majaribio, hamisha huduma kwa mkono na uendeshe kazi ileile kwenye kila nodi.

Njia nyingine, ninayoipenda zaidi, ni kuiweka programu kwenye seva iliyo nje ya klasta, isome faili kupitia jina la mtandao la huduma. Kwa mikataba mingi hapo leseni ni moja, ingawa data yote itapita kwenye mtandao. Soma mkataba hata hivyo, maana wengine huhesabu pia seva inayosomwa.

Zana za bure zipo. Robocopy imo ndani ya Windows Server tangu 2008, na rsync, zana nyingine ya kunakili, iko chini ya GPL, leseni ya programu huria ambayo haihesabu mashine unazoiendesha. Kwa folda pamoja na ruhusa zake, Robocopy yenye /E (ili ichukue na folda za ndani) na /COPYALL inatosha. Itakwama kwenye faili zilizofungwa na programu nyingine, na kwa faili hizo ndipo ninapokubali kulipia.