Kutulia si kuamka

Siku hizi Kisumu na Nakuru, mtu akikaa dakika 20 mgongo wima akitafakari kwa kufuata pumzi, anainuka na kusema amepata mwangaza. Alichopata ni utulivu.

Mwangaza, katika mafundisho ya Buddha, ni kuyaona mambo yalivyo hadi tamaa, chuki na ujinga vinakoma. Basi. Shida iko kwenye neno lenyewe.

Kipali na Kisanskriti, lugha za kale za Uhindi, husema bodhi, kutoka mzizi budh, kuamka. Buddha ni Aliyeamka. Hakuna taa wala nuru ndani ya mzizi huo. Taa ililetwa na wafasiri wa Kiingereza, nasi tukaipokea kwao. Tena walitumia neno lilelile, Enlightenment, ambalo ndilo jina la vuguvugu la fikra la Ulaya ya karne ya 18, lile ambalo mwanafalsafa Mjerumani Kant aliliandikia insha mwaka 1784, na ambalo shabaha yake ni mtu kuthubutu kutumia akili yake mwenyewe. Ndipo kuamka kukachanganywa na kuelimika. Kiswahili kina neno la karibu zaidi, kuzinduka, tunalomwambia aliyeshtuka usingizini au aliyekuwa amezimia.

Hata “akili” haitoshi kutafsiri citta, kile kinachoamka. Citta ya Kipali hubeba fikra na hisia pamoja. Chuny ya Kijaluo, ambayo ni ini na pia moyo wa mtu, ingeikaribia zaidi.

Maandiko ya Kipali huifananisha citta na maji ambayo mtu anataka kujiona uso ndani yake. Tamaa ni rangi iliyotiwa majini; hasira ni maji yanayochemka; uzito na usingizi ni majani yaliyotanda juu; wahaka ni upepo; shaka ni tope lililowekwa gizani. Mkaazi wa Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria huko Kisumu, anayajua hayo majani. Upepo ukigeuka, magugumaji husukumwa upande mwingine wa Ghuba ya Winam, maji yakaonekana. Kufuata pumzi hufanya kazi ya upepo huo. Lakini mbegu za gugumaji hukaa topeni miaka mingi zikiwa hai, na upepo hauzifikii. Ndiyo maana mtu hutulia alfajiri, na saa mbili asubuhi anamfokea makanga kwa shilingi kumi. Bodhi inahusu mbegu, yaani tamaa, chuki na ujinga vyenyewe.

Kwa hiyo ukiinuka umetulia, sema umetulia. Ni jambo jema, na maji yaliyotulia ndiyo yanayomwezesha mtu kuona topeni kuna nini.