Vuta kamba kona kwa kona kabla hujalipia kiwanja

Mama mmoja alikuja ofisini kwetu hapa Tanga na karatasi ya mauziano ya kiwanja huko Kange. Imeandikwa "20 kwa 20", na pande zote nne alishazipima mwenyewe kwa tepu ya fundi: mita 20 kila upande. Kilichomleta ni msingi. Fundi akipiga skwea kona za mbele, za nyuma zinatoka nje ya mpaka.

Vipimo vyake vilikuwa sahihi. Ila hakupima ulalo, yaani mstari wa kutoka kona moja hadi kona inayoitazama. Tulipokwenda na kuvuta kamba, ulalo wa kwanza ulisoma mita 32, wa pili 24. Hapo hakuna mraba. Ni umbo lililolala upande, kama kitanda cha kamba kilicholegea miguu: mbao ni zilezile, urefu uleule, lakini nafasi ya kulala imepungua.

Imepungua kiasi gani? Umbo lenye pande nne zinazolingana, zidisha ulalo mmoja kwa mwingine, kisha gawa kwa mbili. 32 × 24 ni 768, nusu yake 384. Mraba wa kweli wa mita 20 una mita za mraba 400. Mama wa watu alikuwa amelipia mita 16 za mraba ambazo hazipo, chumba kizima cha 4 kwa 4.

Ulalo wa mraba hukata umbo kuwa pembetatu mbili zenye pembe mraba, kwa hiyo kanuni ya Pythagoras inafanya kazi: 20 × 20 ni 400, mara mbili 800, kipeuo chake cha pili ni 28.28. Kwa mkato, zidisha upande kwa 1.414. Mafundi wengi hutumia 1.4 kavu. Kwa kigae cha sentimita 40 haina neno, lakini kwenye upande wa mita 100 utakosea karibu mita moja na nusu, na ugomvi na jirani huanzia kwenye kidogo kuliko hicho. Kulingana kwa ulalo peke yake hakutoshi, maana hata mstatili uko hivyo. Pima pande nne, halafu kona kwa kona mara mbili.

Mimi napenda zaidi hesabu ya kurudi nyuma. Tuseme shamba lako ni la mraba lakini mipakani kuna miba na banda la jirani. Katiza katikati ya minazi, pima ulalo, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa mbili: hilo ndilo eneo. Ekari ni karibu mita za mraba 4,047. Ikiwa mraba, upande wake ni mita 63.6 na ulalo mita 90, namba rahisi kukumbuka. Kwa wanaopima kwa miguu, ekari ya hatua 70 kwa 70 ina ulalo wa hatua 99. Lakini hatua hiyo iwe ya sentimita 91 hivi, kwa hiyo usimwachie muuzaji mwenye miguu mifupi akuhesabie. Na anayekwambia ekari ni *mita* 70 kwa 70 amechanganya. Hizo ni mita za mraba 4,900.

Wafugaji wa kuku nao wana kosa lao. Banda la mita 3 kwa 3 ukitaka eneo lake liwe maradufu, usifanye 6 kwa 6, utapata mara nne. Chukua ulalo wa banda la zamani, mita 4.24, uufanye upande wa banda jipya. Kutoka mita 9 za mraba unafika 18.

Kule Kange, bahati nzuri eneo la pembeni lilikuwa bado la muuzaji yuleyule. Vigingi viwili vya nyuma vilihamishwa mita tano na ushei. Kamba ikavutwa tena: 28.28 na 28.27. Fundi akaomba koleo lake.